Kubambikiwa kesi au kufichiwa ushahidi: ukiwa Marekani, ushtaki kwa lipi?

Kazi yangu ni ukalimani. Kutwa nzima nakaa kati ya wakili wa Kimarekani na mtu aliyetokea Kigoma, Bukavu au Mombasa, maneno yanapita kwangu kwenda na kurudi. Kuna sentensi nimeshaitafsiri mpaka naitoa bila kufikiri: "Walinibambikia kesi, na ushahidi wa kunitoa wakauficha. Nataka niwashtaki." Kwetu hilo ni lalamiko moja. Wakili akilisikia anaandika mambo mawili kwenye daftari lake, kila moja na mstari wake: mashtaka ya hila, yaani kubambikiwa kesi, na kufichiwa ushahidi. Kuanzia hapo maswali yanabadilika.

Mimi si wakili. Ninachoandika hapa ni kile nilichojifunza kwa kuwa kinywa cha watu wawili kwa wakati mmoja, na kwa kusoma hukumu zenyewe usiku baada ya kuona aibu ya kutafsiri kitu nisichokielewa.

Malalamiko yote mawili huingilia mlango mmoja. Ni sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa wakati Ku Klux Klan wakiwatesa na kuwaua Weusi wa majimbo ya Kusini huku maofisa wa huko wakitazama pembeni. Leo inaitwa Kifungu 1983. Hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka. Niliwahi kuitafsiri kama mwaka mbele ya watu, na mzee wa watu akaanza kueleza kwamba mwaka huo alikuwa bado Uvira. Kifungu hiki kinakuruhusu kumdai fidia ofisa wa jimbo, kaunti au jiji aliyekuvunjia haki ya kikatiba. Na kwa wanaouliza kwa sauti ya chini kama lazima uwe raia: hapana. Sheria inamtaja raia, na inamtaja pia mtu mwingine yeyote aliye chini ya mamlaka ya nchi.

Akina Thompson wawili

Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana vizuri ukiwaweka kando kwa kando watu wawili wenye jina moja la ukoo, wasiojuana wala kuhusiana, ambao kesi zao zote zilifika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Larry Thompson alikuwa akiishi Brooklyn. Januari 2014, dada wa mchumba wake, ambaye inaonekana alikuwa na matatizo ya akili, alipiga simu ya dharura, 911, akisema Larry anamdhulumu kingono binti yake mchanga, mtoto wa wiki moja tu. Polisi wakafika bila hati ya upekuzi. Larry akawaambia hawaingii. Wakaingia, wakamkamata, wakamtia pingu. Hospitalini madaktari walimkagua mtoto, wakakuta vipele vya nepi, basi. Lakini Larry alikuwa ameshafunguliwa mashtaka ya kuwazuia maofisa kufanya kazi na kukataa kukamatwa, na alikaa ndani siku mbili. Baadaye mwendesha mashtaka akaiondoa kesi bila kutoa sababu, na hakimu akaifuta bila kutoa sababu.

Alipodai fidia kwa mashtaka ya hila, alikwama kwenye kisiki kimoja: mahakama za chini zilimtaka aonyeshe kwamba kesi yake iliisha kwa namna inayothibitisha kuwa hana hatia. Ataonyeshaje, na walioifuta hawakusema lolote? Tazama kinyume kilichopo hapo. Kadiri kesi ilivyokuwa dhaifu, ndivyo inavyofutwa mapema na kimyakimya, na ndivyo aliyeonewa alivyokosa cha kushika. Aprili 2022 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ikakiondoa kisiki hicho: inatosha kwamba kesi iliisha bila wewe kutiwa hatiani.

Wa pili ni John Thompson wa New Orleans. Mwaka 1985 alishtakiwa kwa mambo mawili, jaribio la unyang'anyi wa kutumia silaha na mauaji. Waendesha mashtaka wakaipeleka ya unyang'anyi kwanza. Akapatikana na hatia, na kwa sababu ya hatia hiyo hakuthubutu kupanda kizimbani kujitetea kwenye kesi ya mauaji. Akahukumiwa kifo.

Kumbe kwenye kesi ya unyang'anyi kulikuwa na kipande cha nguo kilichokatwa kwenye suruali ya mmoja wa walioporwa, chenye damu ya mnyang'anyi. Kilipimwa maabara: damu ya kundi B. John ni kundi O. Ripoti hiyo upande wa utetezi haukuiona. Mmoja wa waendesha mashtaka, alipojua anakufa kwa saratani mwaka 1994, alimwambia mwenzake kwamba aliuficha ushahidi huo wa damu. Mwenzake naye akanyamaza miaka mitano. Mwaka 1999, wiki chache kabla ya siku ya kuuawa iliyokuwa imepangwa, mpelelezi wa upande wa utetezi akaichimbua ripoti kwenye kumbukumbu za maabara. John aliwahi kueleza kwamba tarehe aliyopangiwa kufa ilikuwa siku moja kabla ya mahafali ya mwanawe ya sekondari.

Hukumu zikafutwa. Kesi ya mauaji ilirudiwa mwaka 2003, na juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua kesi, ikamwachia baada ya dakika 35. Alikuwa ameshakaa miaka 18, kati ya hiyo 14 akisubiri kifo. Akaishtaki ofisi ya mwendesha mashtaka, juri ikampa dola milioni 14. Machi 2011 Mahakama ya Juu, 5 kwa 4, ikazifuta zote. Hakupata hata senti ya fedha hizo. Alifariki mwaka 2017.

Kwa hiyo mtu wa siku mbili alifunguliwa mlango, na mtu wa miaka 18 akafungiwa. Ukitaka kuelewa kwa nini, usipime uzito wa dhuluma. Pima vitu vitatu ambavyo mawakili hupima: kesi yako iliishaje, unamshtaki nani, na saa ilianza kuhesabu lini.

Kesi yako iliishaje?

Hili ndilo linaloamua karibu kila kitu, na ndilo wateja hulieleza mwisho, tena kwa haraka, kwa sababu wao wanataka kusimulia jinsi walivyokamatwa.

Kama kesi ilifutwa, au uliachiwa na juri, njia yako ya kawaida ni mashtaka ya hila. Utatakiwa kuonyesha kwamba ofisa alisababisha ushtakiwe bila sababu ya kutosha, kwamba kutokana na hayo ulinyimwa uhuru wako, na kwamba kesi iliisha bila kutiwa hatiani. Njia ya kufichiwa ushahidi kwako mara nyingi imefungwa, hata kama kweli waliuficha. Msingi wake ni kesi ya Brady ya mwaka 1963, iliyotoka Maryland (mawakili wakisema "Brady" tu, wanamaanisha hii), na inalinda haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu. Mahakama nyingi hujibu: kama hukutiwa hatiani, ushahidi uliofichwa haukubadilisha hukumu yoyote. Nimelitafsiri jibu hili zaidi ya mara moja, na sijapata namna ya kulitamka likasikika kama haki.

Kama ulitiwa hatiani na baadaye hukumu ikafutwa, hapo Brady ndiyo njia yako. Utathibitisha kwamba ushahidi ulikuwa wa kukusaidia, kwamba upande wa serikali uliuzuia, na kwamba ungekuwapo matokeo yangeweza kabisa kuwa tofauti. Mara nyingi unaweza kubeba na mashtaka ya hila pamoja, ikiwa baada ya hukumu kufutwa mashtaka nayo yaliondolewa au uliachiwa.

Kama hukumu bado imesimama, huna hata moja. Tangu mwaka 1994, katika kesi ya Heck, Mahakama ya Juu imesema huwezi kudai fidia kwa hoja inayomaanisha hukumu yako ni batili wakati hukumu yenyewe haijabatilishwa. Unarudi kwanza kwenye rufaa. Watu hukasirika hapa, wengine hunikasirikia mimi.

Na kama ulikiri kosa? Mahakama ya Juu yenyewe mwaka 2012 ilitaja kwamba asilimia 94 ya hukumu za hatia kwenye majimbo, na 97 kwenye mahakama za serikali kuu, hutokana na watu kukiri. Ndugu zetu wengi wanakiri ili watoke, warudi kwenye zamu ya usiku kiwandani. Kukiri ni kutiwa hatiani, kwa hiyo njia ya mashtaka ya hila hufungwa kwa shtaka hilo, na juu ya Brady mahakama hazikubaliani ushahidi gani lazima uonyeshwe kabla mtu hajakiri.

Lipo afueni moja dogo lililokuja mwaka 2024. Mfanyabiashara wa vito wa Napoleon, Ohio, alinunua pete kwa dola 45, ikadaiwa ni ya wizi. Akafunguliwa mashtaka matatu, mawili madogo na moja zito la utakatishaji fedha. Mahakama za chini zilisema maadamu mashtaka mengine yalikuwa na msingi, hawezi kulalamikia lile lisilo na msingi. Mahakama ya Juu ikakataa: shtaka moja zuri halilisafishi bovu lililo kando yake. Kwa hiyo ukiambiwa "lakini lile jingine lilikuwa kweli", usikate tamaa upesi.

Unamshtaki nani?

Kila mtu anamtaka mwendesha mashtaka. Ndiye aliyesimama pale mbele na suti, akanyoosha kidole. Msahau. Tangu kesi ya Imbler ya mwaka 1976, mwendesha mashtaka ana kinga kamili kwa kazi yake ya kuendesha kesi mahakamani, na hesabu ya kazi hiyo inajumuisha kuamua kushtaki na kutoupa utetezi ushahidi. Hata akifanya makusudi. Kinga humpungukia pale anapofanya kazi ya upelelezi kama askari, au anapoapa mwenyewe kama shahidi.

Hiki ndicho kilichommaliza John Thompson. Kwa kuwa wahusika wenyewe hawagusiki, ilibidi aishtaki ofisi, na ofisi au jiji haliwajibiki kwa kosa la mfanyakazi kwa sababu tu ni mfanyakazi wake. Lazima uonyeshe kwamba kosa lilitokana na sera au mazoea ya ofisi. John alisema ofisi haikuwafundisha waendesha mashtaka wajibu wao wa kutoa ushahidi. Bosi wa ofisi wakati huo alikuwa Harry Connick, baba wa mwanamuziki Harry Connick Jr. Mahakama za Louisiana zilikuwa zimeshafuta hukumu nne za ofisi hiyo kwa kosa la kuficha ushahidi ndani ya miaka kumi. Wengi wa majaji wakasema nne hizo hazifanani na hii, hakuna iliyohusu damu wala maabara, kwa hiyo haziwi mazoea. Ukisoma hukumu ile unabaki unajiuliza walitaka ngapi.

Linganisha na Larry: yeye aliwashtaki askari, kwa majina yao. Askari hana kinga kamili kwa kazi ya mtaani. Anayo ile yenye masharti, inayomlinda kama haki aliyoivunja haikuwa imeshaainishwa wazi na mahakama, na kinga hiyo huua kesi nyingi. Lakini angalau ni ukuta wenye mlango. Kwa upande wa Brady pia, mahakama nyingi zinakubali kesi dhidi ya askari aliyeuficha ushahidi mwendesha mashtaka mwenyewe asiuone, ingawa baadhi zinadai uonyeshe kwamba alikusudia.

Hapa ndipo njia mbili zinapokutana, na ndipo nadhani watu wengi hukosea wanapodhani lazima wachague moja na kuitupa nyingine. Askari akishtakiwa kwa mashtaka ya hila hujibu: mimi niliandika ripoti tu, aliyeamua kushtaki ni mwendesha mashtaka, na juri kuu, lile kundi la wananchi linaloamua faraghani kama mtu ashtakiwe, ikakubali. Jibu hilo lina nguvu. Huvunjwa kwa kuonyesha kwamba askari aliwadanganya, au aliwaficha kitu. Yaani ushahidi uliofichwa, ambao kwa aliyefutiwa kesi hauwezi kusimama peke yake kama dai, unarudi kwa mlango wa nyuma kuwa nyundo ya dai la kwanza. Video ya kamera ya kifuani iliyokatwa, taarifa ya shahidi aliyesema "si huyu", jibu la maabara: usiviache nyumbani kwa kuwa umeambiwa huna kesi ya Brady.

Neno kuhusu maofisa wa serikali kuu, maana wapo wanaoniuliza kuhusu uhamiaji na FBI. Kifungu 1983 hakiwahusu. Kwao kuna sheria nyingine ya kuidai serikali kuu yenyewe, inayoruhusu dai la mashtaka ya hila dhidi ya maofisa wake wa kukamata na kupekua, na lazima kwanza upeleke dai la maandishi kwa idara husika ndani ya miaka 2.

Saa inayohesabu

Kifungu 1983 hakina muda wake. Kinaazima wa jimbo, ule wa kesi za majeraha. Kentucky na Tennessee ni mwaka 1. Ohio na Texas ni miaka 2, New York 3, Minnesota 6. Binamu yako wa Minneapolis akikwambia "tulia, kuna muda", mkumbushe kwamba wewe uko Louisville, Kentucky.

Kwa mashtaka ya hila, saa huanza siku kesi ilipoisha kwa upande wako. Kwa Brady, hukumu inapofutwa. Lakini kama unalalamikia pia kukamatwa kwenyewe bila sababu, saa ya dai hilo huanza mapema zaidi, tangu ulipofikishwa mbele ya hakimu. Mtu anaweza kusubiri kesi ya jinai miaka miwili, akashinda, akakuta dai la kukamatwa limeshakufa huku la mashtaka ya hila ndiyo kwanza limezaliwa.

Ukichagua kudai kwa sheria ya jimbo badala ya Kifungu 1983, kuna mitego mingine. Mjini New York, kwa mfano, unatakiwa kulipelekea jiji notisi ya dai lako ndani ya siku 90.

Na fedha?

Brady hubeba fedha nyingi zaidi kwa sababu hubeba miaka, na juri huhesabu miaka. Mashtaka ya hila hubeba siku za ndani, ada ya wakili wa kesi ya jinai, kazi iliyopotea, aibu. Katika njia zote mbili ukishinda, mahakama inaweza kumwamuru uliyemshtaki alipe wakili wako, ndiyo maana mawakili wengine huichukua kesi bila malipo ya mwanzo. Jiji halitozwi fidia ya kuadhibu. Askari binafsi anaweza kutozwa.

Kwa aliyefungwa bure ipo pia njia ya tatu isiyohitaji kumtafuta mwenye kosa: fidia ya kisheria ya jimbo. Texas hulipa dola 80,000 kwa kila mwaka wa kifungo. Ukizipokea huko, umefunga mlango wa kuishtaki serikali kwa jambo lilelile. Mtu mwenye ushahidi hafifu dhidi ya askari ningemshauri aichukue mapema. Mwenye ripoti ya maabara iliyofichwa na askari mwenye jina, namba ya beji na saini, ningemwambia asubiri kwanza asikie mawakili wawili.

Karatasi ya kutosaini

Wakati mwingine mwendesha mashtaka husema: nitaifuta kesi, wewe saini hapa kwamba hutatushtaki. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilisema makubaliano ya namna hiyo yanaweza kuwa halali. Mtu mwenye watoto nyumbani na Kiingereza cha kuunga-unga husaini akidhani ni hati ya kuachiwa. Omba mkalimani kabla ya kalamu. Haki hiyo unayo mahakamani, na ukiidai hakuna anayekasirika, isipokuwa ratiba.

Kuna baba mmoja alikuja ofisini kwa wakili na mfuko wa nailoni umejaa karatasi: risiti za dhamana, barua za shule ya watoto, picha, hata kadi za chanjo. Akaanza kusimulia usiku wa kukamatwa, na wakili akamsikiliza kwa adabu huku vidole vyake vikipekua mfuko. Alikuwa akitafuta karatasi moja. Akaipata chini kabisa, imekunjwa mara nne, yenye muhuri wa karani na neno moja la kufuta mashtaka. Akaangalia tarehe. Jimbo lile ni la mwaka mmoja. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akanigeukia: "Mwambie zimebaki siku kumi na tisa. Mwambie pia asiondoke."